KARANI ASIYEULIZA
Historia fupi ya mashine za ofisini, kutoka Hazina hadi Bulyanhulu

Ndugu Mhariri ameniandikia mara mbili akinitaka nieleze katika jarida letu kazi ninayoifanya huku Bulyanhulu. Mara ya kwanza nilimkwepa. Mara ya pili nimeona haya, kwani ni shule hii iliyonifundisha kushika kalamu, na si vema mtu aliyefundishwa kuandika akakataa kuandika.

Katika mikutano yetu ya kila mwaka, nikisema kwamba natengeneza maroboti, wenzangu hunitazama mikono kama wanaotafuta grisi. Ndugu mmoja aliniuliza kama roboti wangu anaweza kushuka shimoni na kuchimba dhahabu. Nilimjibu kwamba roboti wangu hana mikono wala miguu, na hajapata kugusa jiwe. Kazi yake ni kusoma ankara. Yeye ni programu tu ndani ya kompyuta, iliyopewa jina lake na nywila yake kama mfanyakazi mwingine yeyote. Usiku hufungua barua pepe za kampuni, huchukua ankara zilizoambatishwa, husoma tarehe na kiasi, hulinganisha na LPO pamoja na hati ya kupokelea mzigo, kisha huandika katika mfumo wa uhasibu ili malipo yatoke. Alfajiri huacha taarifa ya yale aliyoyamaliza na yale yaliyomshinda.

Kwa ufupi, ndugu zangu, roboti wangu ni karani. Na kwa kuwa ukarani una historia ndefu katika nchi yetu, nitaanza mbali kidogo.

NENO NA CHIMBUKO LAKE

Neno roboti lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa Chekoslovakia, uitwao R.U.R., uliochapishwa mwaka 1920. Asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi za shuruti, zile ambazo wazee wetu waliziita shokoa. Basi tangu mwanzo roboti ni mtumwa wa kazi: hufanya anachoamriwa, wala haulizi kwa nini.

Kompyuta ya kwanza kutumika kwa shughuli za biashara haikutoka katika jeshi wala katika benki, kama watu wengi wanavyodhani. Ilitoka kwa wauza chai na keki. Kampuni ya J. Lyons ya London, iliyokuwa na migahawa na viwanda vya mikate, ilijijengea kompyuta iliyoitwa LEO, na kuanzia Novemba 1951 ikaitumia kukokotoa hesabu za viwanda vyake vya mikate. Jambo la kukumbuka ni kwamba kampuni hiyo ilikuwa imechunguza kazi za makarani wake kwa miaka mingi kabla ya hapo. Walijua kila karatasi inatoka wapi na inakwenda wapi. Kompyuta ilipofika ilikuta njia imekwisha kufyekwa.

Roboti wa aina yangu ni mtoto wa juzi. Kampuni ya Blue Prism ilianzishwa Uingereza mwaka 2001, na ile iliyokuja kuitwa UiPath ilianzishwa Bucharest, Romania, mwaka 2005. Kwenye mwaka 2012 ndipo jina la fani hii lilipoanza kuenea. Sababu ya kuzaliwa kwake ni rahisi kueleweka. Ofisi nyingi zina mifumo mitatu au minne ya kompyuta isiyozungumza lugha moja, na kati ya mfumo mmoja na mwingine ameketi karani ambaye kutwa nzima ananakili tarakimu kutoka kioo hiki kwenda kile. Kubadili mifumo yote ni ghali. Kumweka roboti katika kiti cha yule karani ni rahisi zaidi.

KOMPYUTA YA HAZINA

Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, yaani Hazina, miaka minne tu baada ya Uhuru. Mashirika mengine yalifuata moja moja. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siku hizi vijana wakisikia habari hiyo hucheka, wakidhani wazee waliogopa maendeleo. Mimi sicheki. Mitambo ile ya mwanzo ilikuwa ghali, ilitegemea wataalamu wa kigeni, na ilikula fedha za kigeni wakati nchi ilipozihitaji kwa chakula na mafuta. Swali lililoulizwa wakati ule lilikuwa swali la haki: je, mashine hii inamsaidia nani, na ikikosea nani ataisahihisha?

Baadaye masharti yalilegezwa hatua kwa hatua, na kompyuta ndogo zikaingia maofisini. Mwaka 2004 Benki Kuu ilianza kutumia mfumo wa TISS wa kuhamisha fedha kati ya mabenki. Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulitufikia kwa njia ya bahari. Kuanzia mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato ilianza kuwataka wafanyabiashara watumie mashine za EFD za kutolea risiti. Bila mambo haya roboti wangu asingekuwa na kitu cha kusoma. Yeye hula kile ambacho wengine wamekwisha kukitia katika kompyuta.

BULYANHULU

Bulyanhulu iko katika Mkoa wa Shinyanga, njia ya kutoka Kahama kwenda Geita. Dhahabu yake iligunduliwa na wachimbaji wadogo katikati ya miaka ya 1970, kwa sururu, nyundo na karai. STAMICO, shirika letu la umma la madini, lilifanya utafiti wake, na makampuni ya kigeni yakafuata. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa amri ya Serikali, na mambo ya siku zile yanabishaniwa hadi leo. Barrick ya Kanada ikanunua eneo mwaka 1999, na mwaka 2001 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukafunguliwa rasmi na Rais Mkapa.

Hivyo basi mahali hapa palikwisha kuona mashine ikichukua nafasi ya mkono, miaka mingi kabla sijafika na kompyuta yangu. Mtu wa Kakola ukimwambia kwamba mashine inakuja kurahisisha kazi, hukusikiliza kwa adabu, kisha hukuuliza: itarahisisha ya nani?

Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Kazi Bulyanhulu zikapungua sana. Mwaka 2020 Serikali na Barrick wakatia saini makubaliano, yaliyohusu pia kampuni ya Twiga ambamo Serikali ina asilimia 16, na kabla mwaka haujaisha uchimbaji wa chini ya ardhi ukaanza tena.

Mimi nilikuja mwaka 2021, nikaajiriwa na kampuni moja ya ukandarasi inayohudumia migodi ya ukanda huu. Jina lake nitalihifadhi. Nilikuta tatizo ambalo kwa hakika lilitokana na jambo jema. Kanuni za mwaka 2018 za kuwashirikisha Watanzania katika sekta ya madini ziliwafungulia mlango wauzaji wadogo wa hapa hapa. Zamani ofisi ilipokea ankara chache kubwa kutoka Dar es Salaam na Johannesburg. Sasa ilipokea mamia ya ankara ndogo ndogo: nyanya, mbuzi, mbao, kokoto, ushonaji wa sare. Makarani sita hawakuweza kuzimaliza. Wauzaji walisubiri miezi miwili, hata mitatu. Wakubwa wakaamua kwamba dawa ni roboti, na mimi ndiye niliyeitwa kumtengeneza.

MZEE WETU WA ANKARA

Karani mkuu alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo, aliitazama tai yangu, akaniuliza nimesoma wapi. Nilipotaja shule yetu alicheka hadi akavua miwani. Kumbe yeye ni mwenzetu! Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, katika mchepuo wa biashara, akalala katika bweni lile lile nililolala mimi miaka mingi baadaye. Ameniomba nisimtaje jina, nami namheshimu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa karani wa kununua pamba katika Mamlaka ya Pamba. Msimu wote alikaa chini ya mwembe na mizani, akipima, akitenga pamba safi na pamba fifi, akiandika katika kitabu na kukata stakabadhi. Aliniambia kwamba mkulima hakuogopa mizani, aliogopa kalamu. Mizani aliiona kwa macho, lakini kilichoandikwa wengi hawakuweza kukisoma. Kwa hiyo karani mwema alisoma kwa sauti kila alichoandika, na mkulima akiguna, karani huweka kalamu chini na kuuliza kuna nini.

Kwa muda wa wiki tatu niliketi kando yake na daftari. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya fani yetu, ndugu zangu, na ndiyo ngumu kuliko zote: kumtazama mtu akifanya kazi, na kuandika kila hatua hata ile inayoonekana ya kipuuzi. Anafungua barua. Anatazama namba ya LPO. Kama haipo, anafanya nini? Kama kiasi kimezidi kwa shilingi mia, anafanya nini? Nilipata hatua 37. Mzee alinisaidia kwa moyo mweupe ingawa alijua vizuri kabisa ninajenga nini. Siku ya mwisho alitia saini chini ya orodha yangu kama mwalimu anayesahihisha insha, akasema, "Haya, mwanangu, huyo ndiye mimi."

Katika taarifa yangu kwa wakubwa niliandika kwamba roboti atafanya kwa usiku mmoja kazi ya makarani sita kwa siku nne. Ilikuwa kweli. Baada ya miezi michache wawili kati ya wale sita walihamishiwa stoo, mzee wetu akiwa mmoja wao, na wawili hawakuongezewa mikataba. Nilifahamu kwamba hesabu yangu ndiyo iliyowaondoa. Nilijifariji kwamba wauzaji sasa wanalipwa kwa siku kumi na nne.

WIKI SABA

Ilipofika Desemba 2022, mlinzi wa getini alinipigia simu kwamba kuna mama mmoja amekaa pale tangu asubuhi, na hataki kuondoka mpaka amwone huyo mtu wa kompyuta. Nilikwenda. Alikuwa ni mama anayeleta nyanya na mchicha katika jiko la kambi yetu. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia. Aliitikia, akafungua mfuko, akatoa ankara zake zimekunjwa vizuri, kila moja na risiti ya EFD. Alikuwa hajalipwa kwa wiki saba. Alikwisha kukopa katika VICOBA ili aendelee kununua nyanya mashambani, na siku ya kurejesha mkopo ilikuwa Jumamosi ile.

Nilimweleza kwamba huenda kompyuta ilikuwa na hitilafu. Akanitazama.

"Baba, mimi siidai kompyuta," akasema. "Ninawadai ninyi."

Nilirudi ofisini nikafungua kumbukumbu za roboti. Nilikuta ankara 41 zimekataliwa, zake na za wengine kumi na mmoja. Sababu iliyoandikwa ilikuwa ile ile: ankara imetangulia LPO. Hapo ndipo nilipoliona kosa, na lilikuwa langu mwenyewe. Kompyuta tuliyompa roboti mwezi Oktoba ilikuwa mpya, na ilikuja na mpangilio wa tarehe wa Kimarekani, ambao hutanguliza mwezi kabla ya siku. Nami sikuukagua. LPO ya mama yule ilikuwa ya 28/10/2022. Kwa kuwa hakuna mwezi wa 28, roboti aliisoma sawasawa. Lakini ankara ya 05/11/2022 aliisoma kuwa ni tarehe 11 Mei. Akaona mtu anadai fedha za mzigo miezi mitano kabla haujaagizwa, akaikataa. Ile ya 03/12 aliifanya ya tarehe 12 Machi, nayo akaikataa. Ankara zilizoandikwa baada ya tarehe 12 ya mwezi zilipita bila taabu, na ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka. Walioumia ni wale tu walioleta mzigo mwanzoni mwa mwezi.

Ankara zilizokataliwa zilikuwa zikiwekwa katika foleni yao, zikimsubiri mtu azitazame. Mtu huyo alikuwa mmoja wa wale wawili ambao mikataba yao haikuongezwa. Hakuna aliyekumbuka kumpa mwingine kazi hiyo, nami ni mmoja wa wasiokumbuka.

Jioni ile nilimfuata mzee stoo. Nilimkuta anahesabu mabuti ya mpira. Nikamweleza yote. Hakukasirika. Aliuliza, "Je, roboti wako hakuwapigia simu?"

Nikamwambia kwamba hatua hiyo haikuwamo katika zile 37.

"Mimi karatasi ikinishinda, kabla ya kuirudisha humpigia mwenyewe," akasema. "Namuuliza, mayu, hii tarehe umeandika nini? Dakika mbili imekwisha."

"Sasa mbona hukuniambia, mzee?"

"Uliniuliza ninafanya nini na karatasi. Hukuniuliza ninafanya nini na watu. Nami sikujua kwamba hiyo ni kazi. Nilidhani ni adabu tu."

Ndugu zangu, nimesoma vitabu vingi vya fani hii, vya Kiingereza vyote, lakini sijakuta somo lililonikaa kama lile la stoo. Nilikuwa nimenakili mkono wa mzee na kuacha mdomo wake. Mkono ndio uliokuwa rahisi.

YALIYOFUATA

Usiku ule nilirekebisha tarehe, na ankara zote 41 zikapita. Malipo yalitoka Ijumaa, siku moja kabla ya siku ya VICOBA. Kwa mama yule ilikuwa bahati. Kwa wengine ilikuwa imechelewa: fundi mmoja wa mbao alikuwa amekwisha kuuza pikipiki yake ili awalipe vibarua. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Aliipokea, lakini pikipiki haikurudi.

Kisha niliandika taarifa ya pili kwa wakubwa, na hii ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza kwa kuwa ilinitaja mimi. Niliomba mambo matatu. Kwanza, kila ankara inayokataliwa iwe na mtu mwenye jina anayewajibika nayo, na isilale zaidi ya siku mbili. Pili, muuzaji apelekewe ujumbe wa simu kwa Kiswahili, ukimweleza ankara yake imekwama wapi na ampigie nani. Tatu, mzee arudishwe ofisini kuiongoza foleni hiyo. Yote matatu yalikubaliwa. Nilijaribu kuwaombea na wale wawili wa mikataba, sikufanikiwa. Mmoja sasa ana kibanda cha stesheneri pale Kakola, na ni yeye anayewachapishia wauzaji wengi ankara zao. Akiniona hunisalimu vizuri, nami kila mara hununua kitu hata kama sina haja nacho.

Mzee alifanya kazi kwa mwaka mmoja zaidi, akastaafu. Katika mwaka huo alinifundisha hatua nyingine 12, zote zikianza na neno "muulize". Roboti hawezi kuzifanya. Lakini anaweza kufundishwa kusimama zinapofika, na kumwita mtu.

Nikiitazama historia hii tangu mwanzo, naona ni jambo moja linalojirudia. Wauza keki wa London walifaulu kwa sababu waliijua kazi yao kabla ya kuikabidhi kwa mashine. Sisi mwaka 1974 tulifunga mlango kwa sababu mashine ilikuwa imetangulia mbele ya watu wa kuisahihisha. Leo mlango uko wazi, na sisemi ufungwe. Malipo ya siku kumi na nne ni bora kuliko ya miezi mitatu, na mama wa nyanya mwenyewe atakwambia hivyo. Lakini lile swali la zamani halijazeeka: ikikosea, nani ataisahihisha? Asipokuwapo mtu huyo, basi tumeajiri karani asiyeuliza, na aibu ni yetu, si yake.

Wengi wenu wasomao jarida hili sasa ni wakubwa wa ofisi, katika serikali, mabenki na hospitali. Ipo siku kijana kama mimi atawajia na tai yake na tarakimu nzuri. Msimfukuze. Lakini kabla ya kutia saini, mpelekeni akakae na karani mzee kuliko wote, na amuulize maswali mawili: unafanya nini na karatasi, na unafanya nini na watu.

Mwisho, nina ombi kwa Kamati. Katika mkutano wetu ujao naomba tupewe saa moja na wanafunzi wa kidato cha tano. Mimi nitawaonyesha roboti. Mzee ameahidi kuja na kitabu chake cha zamani cha pamba, ambacho bado anacho, awaonyeshe jinsi ya kusoma kwa sauti kile ulichoandika.

Yangu ni hayo, ndugu zangu. Tukutane shuleni.